Billy Ireland, Columbus: katuni za magazeti za miaka 100 iliyopita bado zinachekesha, ila uzisome zikiwa saizi yake

Nianze na bei maana najua ndiyo mnayoitafuta: bure. Hamna tiketi, hamna kadi ya uanachama, na wala huhitaji kuwa mwanafunzi wa Ohio State, chuo kikuu cha hapa Columbus, Marekani, ingawa jengo ni la kwao. Linaitwa Sullivant Hall, lipo High Street, na ndani yake ndiyo kuna Billy Ireland Cartoon Library & Museum, sehemu ambayo sisi Waswahili wa Columbus, Wabongo, Wakenya, Wakongo, Wasomali wa Eastleigh, wote tunaipita na basi tukienda kazini na hakuna anayeshuka. Mimi siku hizi nashuka, tena sana tu, na hii ndiyo rivyu yangu, ndefu kidogo, vumilieni.

Hapa ni maktaba na makumbusho ya katuni kwa pamoja, na hasa zile katuni za magazeti, zile za viboksi vitatu vinne ambazo mtu anazisoma kwanza kabla hajajua nani kajiuzulu na nani kafa. Wana michoro orijino zaidi ya 300,000, na kurasa pamoja na vipande vya magazeti kama milioni 2.5. Wenyewe wanasema ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote duniani kwa vitu vya aina hii na sijamwona wa kuwabishia. Ilianza 1977 na madarasa mawili tu, baada ya Milton Caniff, yule mchoraji wa Terry and the Pirates na Steve Canyon, kukipa chuo makaratasi yake kwa sababu alisoma hapohapo. Billy Ireland mwenyewe alikuwa mchora katuni wa gazeti la Columbus Dispatch, mtu wa Chillicothe hukuhuku Ohio, alijifundisha mwenyewe kuchora, akafariki 1935. Sullivant Hall walihamia 2013.

Ukiingia kwenye vyumba vya maonyesho kitu cha kwanza kitakachokushtua ni ukubwa wa orijino. Katuni ambayo gazetini ni kamstari kembamba chini ya ukurasa, ile aliyoichora mwenyewe kwa mkono wake ni likadi linene, mara mbili au zaidi ya ile iliyochapwa. Sogea karibu kabisa. Utaona mistari ya penseli ya bluu chini ya wino, walikuwa wanatumia bluu kwa sababu kamera ya kiwandani ilikuwa haiisomi kwa hiyo hakuna haja ya kufuta, utaona mahali mchoraji kateleza kapaka rangi nyeupe, utaona kiboksi kizima kimekatwa na kingine kimebandikwa juu yake, gundi imeshakuwa njano. Mimi nilisimama kwenye moja muda mrefu nikiangalia pua. Pua tu! Jamaa kaichora, kaifuta kwa rangi nyeupe, kaichora tena kidogo kulia, na ile ya pili kweli ndiyo inayochekesha, ya kwanza ilikuwa pua ya mtu wa kawaida. Hicho huwezi kukiona gazetini wala kwenye simu.

Maonyesho yanabadilishwa, kwa hiyo siwezi kukuahidi utakuta kilekile nilichokikuta mimi. Na kinachowekwa ukutani ni kidogo sana ukilinganisha na kilichopo stoo. Ndiyo maana nasema wengi wanaoenda pale wanakosa uhondo wenyewe, wanazunguka kwenye vioo nusu saa, wanapiga selfi, wanaondoka. Uhondo uko kwenye chumba cha kusomea.

Pale unaomba unachotaka kukiona, uombe mapema maana vitu vinatolewa stoo, kalamu ya wino unaiweka pembeni unabaki na penseli, mikono iwe safi, halafu unaletewa mezani gazeti lenyewe. Siyo kopi, gazeti lenyewe la mwaka 1908, limeshakuwa rangi ya chai ya maziwa, lina harufu ya stoo, na rangi za Jumapili bado zinawaka nyekundu na bluu kama zimechapwa juzi. Unageuza taratibu kwa mikono miwili. Hakuna anayekuuliza una digrii gani.

Sasa hayo magazeti yamefikaje pale, hii stori lazima niisimulie maana bila yenyewe hamna rivyu. Baada ya vita vya pili vya dunia maktaba za Marekani zilianza kuyapiga picha magazeti yao ya zamani kwenye maikrofilamu, halafu yale yenyewe yanatupwa, yanakula nafasi, na karatasi ya gazeti ni ya bei chee, ina asidi, inakauka mpaka ukiishika inakatikia mkononi. Wakaona wameokoa historia. Kasheshe ni kwamba filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, na katuni za Jumapili zilikuwa za rangi, ukurasa mzima, zote zikageuka ukungu wa kijivu, nyingine maneno hayasomeki kabisa. Huko San Francisco kuna jamaa akiitwa Bill Blackbeard, siyo profesa, siyo tajiri, mwandishi wa kawaida tu ila katuni za magazeti zilikuwa damuni. Akaenda kuomba hayo magazeti kabla hayajatupwa, akaambiwa mtu binafsi hapewi, wanapewa taasisi. Akasema sawa. Akaigeuza nyumba yake taasisi, akaipa jina zito kabisa, San Francisco Academy of Comic Art, hiyo ni mwishoni mwa miaka ya 60, na akaanza kusomba. Sebule ikajaa, gereji ikajaa, anakata na kupanga katuni moja moja kwa tarehe, miaka na miaka. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, na mwishoni mwa miaka ya 90 ikabidi atoke, ndipo Ohio State wakauchukua mzigo wote: tani 75, semi-trela 6, kutoka California hadi Ohio. Mzee alifariki 2011. Kila kurasa ya zamani ya rangi unayoiona siku hizi kwenye vitabu vikubwa vya katuni vya Marekani, kuna uwezekano mkubwa iliwahi kulala kwenye gereji ya huyo mtu.

Nilienda na mpwa wangu, ana miaka 15, kazaliwa hukuhuku, Kiswahili chake ni cha kusukumana lakini kichwa kinafanya kazi. Alikuja kwa sababu dada alimlazimisha. Nikaomba Little Nemo in Slumberland ya Winsor McCay, ile ya Julai 26, 1908, kwenye New York Herald, ya kitanda kinachotembea. Dogo akaniambia anko hii nishaiona, iko kwenye simu. Nikamwambia subiri.

Ikaja. Ukurasa wa gazeti la enzi zile ni kama sentimeta 40 kwa 53, ukiufungua unaziba meza. Viboksi vya juu ni vifupi, Nemo yupo kitandani usiku, kitanda kinaanza kutikisika. Halafu miguu ya kitanda inarefuka, na hapa ndipo McCay anapokuonyesha yeye ni nani, kwa sababu viboksi navyo vinarefuka, kila kimoja kirefu kuliko kilichopita, mpaka kitanda kinatoka nje kinatembea barabarani kwa miguu ya twiga, kinaruka mapaa ya nyumba, chini mji umelala na mwezi umejaa. Kisha kinajikwaa kwenye mnara wa kanisa. Kiboksi cha mwisho kabisa, kadogo, kwenye kona, Nemo kaamka. Kila Jumapili ni hivyohivyo, mwisho lazima aamke, na bado kila Jumapili unasahau kwamba ataamka.

Dogo alinyamaza. Akainama mpaka nikamwambia usiguse kwa pua. Akasema kwenye simu viboksi vinakuja kimoja kimoja, vyote vinajaa skrini, kwa hiyo hukuona kama vinarefuka, ilikuwa ni picha za kitanda tu. Kwenye karatasi ukurasa wenyewe ndiyo mzaha. Hapo alikuwa ameshanisaidia kuandika nusu ya hii rivyu bila kujua. Watu wengi wanaosema katuni za zamani hazichekeshi wameziona kwenye kioo cha inchi sita, wakati mchoraji alizipima zikae kwenye meza ya jikoni, watoto watatu wamelala kifudifudi wanagombania upande wa kusoma.

Na hili la saizi wachoraji wenyewe wamelilia miaka yote. Wakati wa vita karatasi ikawa adimu, wahariri wakabana katuni, vita vikaisha na hawakuzirudisha zilivyokuwa. Peanuts ya Charles Schulz ilipoanza Oktoba 2, 1950, kwenye magazeti 7 tu, iliuzwa kwa sifa ya kutokula nafasi, viboksi vinne vya saizi moja ili mhariri avipange vyovyote anavyotaka, mlalo, wima, au mraba. Schulz akaigeuza hiyo kero kuwa staili, watoto wadogo wa kichwa kikubwa, uwanja mtupu, maneno machache, akaenda nayo karibu miaka 50. Bill Watterson wa Calvin and Hobbes yeye aligoma, mwanzoni mwa miaka ya 90 akataka nusu ukurasa ya Jumapili isiyokatwakatwa, wahariri wakanuna, akaipata. Miaka michache baadaye, Desemba 31, 1995, akaacha kabisa. Michoro yake orijino ameiweka hapa Billy Ireland. Ukiwa na mtoto anayempenda Calvin huna sababu ya kukaa nyumbani.

Haya, zinachekesha au hazichekeshi? Nitasema ukweli, nyingi hapana. Yellow Kid ya Richard Outcault, ya 1895, ile ambayo kila kitabu kinakwambia ndiyo baba wa zote, ni mtoto kipara kavaa kanzu ya njano yenye maandishi, yuko kwenye uchochoro wa New York umejaa watu, mbuzi na fujo. Kuiangalia ni raha, kila kona kuna mtu anaanguka. Kuisoma ni kazi, Kiingereza cha uchochoroni cha miaka 130 iliyopita, hata Wamarekani wenyewe wanakikodolea macho. Mpwa wangu alipiga miayo hadharani. Na zile za siasa za enzi zile usijisumbue, waziri gani kamfanyia nini nani, kila mzaha unahitaji mwalimu wa historia pembeni.

Ila Mutt and Jeff, aisee. Bud Fisher aliianza Novemba 15, 1907 kwenye San Francisco Chronicle, na ndiyo katuni ya kwanza ya kila siku iliyoshika kweli kweli. Mwanzoni alikuwepo Mutt peke yake, mtu mrefu, kidevu hamna, ana mke na mtoto nyumbani, na kazi yake ni moja: kubeti farasi. Kila siku ana uhakika. Kila siku ana tipsi. Kesho yake unamkuta anaomba nauli. Na Fisher alikuwa anataja farasi wa kweli wa mashindano ya kweli, kwa hiyo wasomaji wa San Francisco walinunua gazeti la kesho yake kuona kama Mutt kaliwa, na wengine walikuwa wanamfuata kwenye mkeka wake, Mungu awasamehe. Jeff, yule mfupi, alikutana naye mwaka 1908 kwenye hospitali ya vichaa. Dogo alipoona Mutt anamfafanulia mkewe kwa nini leo lazima itiki, alicheka mpaka mhudumu akainua kichwa, akasema huyu ni mjomba fulani kule Gongo la Mboto, na jina simtaji hapa kwa sababu anasoma hizi rivyu zangu.

Nyingine iliyonipiga ni Bringing Up Father ya George McManus, ya 1913. Jiggs ni kibarua Mwairishi, kabahatika kapata hela nyingi ghafla, mke wake Maggie sasa anataka wawe watu wa daraja la juu, opera, wageni wenye vyeo, jumba lina nguzo. Jiggs kavalishwa suti na kofia ndefu, lakini moyo uko kwenye kilabu cha Dinty Moore alipokuwa anakula nyama ya chumvi na kabichi na masela wake wa mjengoni. Kwa hiyo kila siku ni mbinu ya kutoroka, kupitia dirishani, kwenye waya, ndani ya kapu la nguo, na Maggie yuko mlangoni na kifimbo cha kusukumia chapati. Hiyo mnaielewa bila tafsiri, ni yule mzee aliyehamia Mbezi Beach lakini saa saba mchana gari lake unalikuta limefichwa nyuma ya kibanda cha mama ntilie Manzese. McManus aliichora mpaka alipofariki 1954. Na mchoro wake ni msafi mno, mazulia, vyombo vya maua, picha za ukutani ambazo watu waliomo ndani yake wanachungulia nje ya fremu kuangalia ugomvi. Hizo picha za ukutani peke yake zinatosha kukukalisha.

Krazy Kat ya George Herriman sitawadanganya, siyo ya kila mtu. Paka anampenda panya, panya anamrushia paka tofali kichwani, paka anaona tofali ni barua ya mapenzi, mbwa ambaye ni polisi anampenda paka kwa hiyo anamfunga panya. Basi. Hiyo ndiyo stori, kuanzia 1913 mpaka Herriman alipofariki 1944, tofali ni lilelile, na nyuma yao jangwa linabadilika kila kiboksi, mlima unageuka mti, mchana unageuka usiku bila sababu. Wasomaji wengi wa enzi zake hawakuielewa, kilichoiokoa ni kwamba mwenye magazeti, William Randolph Hearst, aliipenda yeye binafsi. Lugha yake imepindishwa makusudi, ni ya kusoma kwa sauti. Dogo kaikataa. Mimi ndiyo ninayoirudia.

Na Herriman ana habari nyingine. Alizaliwa New Orleans mwaka 1880, familia yake ni Makrioli, watu wa damu mchanganyiko, wakahamia Los Angeles akiwa mtoto na huko wakaishi kama wazungu. Wenzake gazetini walimwita Mgiriki. Alivaa kofia karibu kila picha. Cheti chake cha kuzaliwa kilichoandikwa kwamba siyo mzungu kilikuja kupatikana 1971, miaka 27 baada ya kufa, wakati cha kifo kilikuwa kimeandikwa mzungu. Sasa zisome upya zile ambazo paka mweusi anapakwa chokaa anakuwa mweupe, panya hamtambui, anampenda. Mimi nilisoma nikaifunika nikaenda kunywa maji.

Hapo ndipo tunaingia kwenye lile ambalo Mwafrika yeyote akifungua haya magazeti atakutana nalo. Mtu mweusi kwenye katuni za miaka hiyo anachorwa na midomo kama donati, macho mayai, hajui kuongea. Hata kwenye Little Nemo, pamoja na uzuri wote ule, kuna Imp, mtu wa porini kavaa sketi ya majani, maneno yake hayana maana yoyote, na anakaa humo Jumapili nyingi tu. Nilikuwa najua yupo, mpwa wangu hakujua. Akaniangalia. Nikamwambia ndiyo, ni sisi huyo, hivyo ndivyo walivyotuona, na mtu aliyechora kitanda kile ndiye aliyechora na hiki.

Kuna wachapishaji wanaozikata hizo kurasa wanapotoa vitabu vipya, wakisema msomaji wa leo asiumizwe. Sikubaliani nao. Ukizikata, mtoto anabaki na babu msafi ambaye hakuwahi kuwepo. Zionyeshwe, na pembeni iandikwe ni nini, nani alikuwa anacheka na nani alikuwa anachekwa, halafu iwekwe na ya upande wa pili, kwa sababu wachoraji weusi walikuwepo muda wote huo kwenye magazeti ya weusi. Jackie Ormes alianza na Torchy Brown kwenye Pittsburgh Courier mwaka 1937, msichana wa Mississippi anayekwenda New York kutafuta maisha, na baadaye akachora Patty-Jo 'n' Ginger, kiboksi kimoja tu, katoto kadogo kanaongea na dada yake mrembo asiyejibu kitu, na hako katoto kanasema mambo ya ubaguzi ambayo mtu mzima angefukuzwa kazi. Ollie Harrington naye alikuwa na katuni za jamaa yake Bootsie wa Harlem, mtaa wa weusi New York, tangu miaka ya 30. Hawa muwaombe kwa majina mkifika, mtu asiwaachie Yellow Kid tu mkadhani ndiyo yote.

Kitu kingine, msikimbilie kununua vitabu vya bei poa mtandaoni kabla hamjajua mnachonunua. Kuna muuzaji mmoja, jina naliacha, nilimwagizia kitabu cha katuni za 1910 hivi, gamba zuri linang'aa, ndani ni kurasa zimeskaniwa kutoka kwenye ileile maikrofilamu, giza tupu, zimepunguzwa mpaka saizi ya daftari la shule, maputo ya maneno yamekuwa madoa. McCay mwenyewe hata kwenye karatasi kubwa maneno yake yamebanana, alikuwa anachora puto kwanza kisha anasukumia sentensi humo kwa nguvu, sasa punguza hiyo mara tatu uone. Kwa upande mwingine kuna Peter Maresca, huyu mwaka 2005 aliamua kuichapa Little Nemo kwenye saizi ileile ya gazeti, inchi 16 kwa 21, akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya Sunday Press kwa ajili hiyo. Kitabu chake hakiingii kwenye shelfu yoyote ya kibinadamu, utakisomea sakafuni, lakini rangi zimesafishwa bila kuwekewa uweupe wa kompyuta, karatasi bado ina ule umanjano. Kama una hela ya zawadi moja tu, hiyo. Kama huna, Billy Ireland wanazo picha nyingi kwenye tovuti yao, bure pia, zifungue kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa au zirushe kwenye TV, siyo simu tafadhali.

Nilipokuwa nasubiri kuletewa mzigo wa pili nilikuwa nawaza Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, na Juha Kalulu ya Edward Gitau kwenye Taifa Leo kwa ndugu zetu Wakenya, na kina Ndumilakuwili, Lodilofa na Pimbi wa jarida la Sani. Mzee wangu alikuwa anasoma Chakubanga kwa sauti, anasimama kabla ya kiboksi cha mwisho makusudi ili tuombe. Kwetu gazeti likishasomwa linafungia maandazi, na mimi mwenyewe nimekula maandazi mengi yaliyofungwa na Chakubanga. Kama baba yako au babu yako ana boksi la magazeti chini ya kitanda huko Tanga au Kakamega, mpigie leo umwambie asiliguse, na piga picha kurasa kwa ukubwa wake wote, siyo kipande cha katuni peke yake, mpaka tangazo la sabuni la pembeni liwemo.

Mapungufu ya sehemu hii kwa watu wetu: saa. Maonyesho ni mchana, saa saba hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hawafungui, kwa hiyo mtu wa shifti ya mchana kule kwenye maghala atabaki na wikiendi tu, na chumba cha kusomea kina ratiba yake, icheki kabla hujatoka nyumbani. Paking za maeneo yale ni za kulipia na siku za mpira wa Ohio State usithubutu kabisa kupeleka gari, panda basi la High Street. Na kila kitu ni Kiingereza, tena cha zamani, kwa hiyo kama unaenda na mzee ambaye lugha inampa shida anza naye kwenye zile zisizohitaji maneno, McCay na McManus, usimwanzishie Krazy Kat akakuuliza umemleta wapi.

Billy Ireland naipa nyota nne na nusu. Mkiomba kitanda kinachotembea mwambieni mhudumu Julai 26, 1908, New York Herald, na kwa Mutt ombeni zile za Novemba na Desemba 1907 kabla Jeff hajatokea. Watoto waende wameshakula maana humo ndani chakula hakiruhusiwi, na beba penseli yako mwenyewe.